Mwagize rafiki bia inayohimili safari

Rafiki akisema wiki ijayo anakwenda Praha kikazi, na kwamba akirudi atakuwa na nafasi kidogo begini, wapenzi wa bia tunaomzunguka huanza kutaja majina. Mmoja anataka Pilsner Urquell kwa kuwa ndilo jina analolijua. Mwingine aliona picha ya mbuzi kwenye chupa ya Kozel ikampendeza. Wa tatu anasema leta yoyote, mradi iwe ya huko. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo tunavyoagiza: chupa moja ya nusu lita ikiwa imejaa inakaribia kilo nzima. Tiketi nyingi za daraja la kawaida humruhusu msafiri begi la kilo 23, na humo rafiki ana nguo, viatu, makaratasi ya mkutano na zawadi za watoto wake. Anayemwagiza bia anamwomba apunguze kitu cha nyumbani kwake. Agizo la namna hiyo linastahili kufikiriwa kabla ya kutumwa.

Msimamo wangu ni kwamba tusichague kwa umaarufu wala kwa bei. Tuanze kwa kuuliza ni bia gani itafika ikiwa bado na ladha iliyotoka nayo kiwandani. Kisha, kati ya hizo, ni zipi ambazo huku kwetu hazipatikani kabisa. Ukiyajibu maswali hayo mawili kwa uaminifu, nusu ya majina yanayotajwa huanguka, na yanaingia mengine ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Bia huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Uchungu wake hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaopanda juu ya nyaya ndefu mashambani. Mwanga wa jua ukizifikia chembe hizo chungu ndani ya chupa huzivunja, na bia hutoa harufu inayomkumbusha mtu kicheche. Chupa ya kijani hupitisha mwanga huo kwa wingi kuliko ya kahawia, na kopo halipitishi hata kidogo. Hewa nayo haikosekani: kiwanda kizuri kiasi gani huacha oksijeni kidogo chini ya kizibo, na miezi ikipita, ladha safi ya kimea hugeuka na kuwa kama ya karatasi iliyolowa. Joto huharakisha yote mawili. Bia iliyokaa mwezi mmoja kwenye stoo ya Dar es Salaam au Mombasa huzeeka kuliko ile iliyokaa miezi kadhaa kwenye chumba cha baridi.

Ndiyo maana naamini msafiri mwenye begi anaweza kutuletea kitu ambacho mfanyabiashara hawezi. Bia ya Ulaya tunayoikuta kwenye supamaketi zetu imepita kontena, meli, bandari na ghala, kisha ikapangwa rafuni chini ya taa. Zimepita wiki nyingi, mara nyingine miezi. Bia ya begini huondoka Praha, hubadilisha ndege Doha au Istanbul, na ndani ya siku moja hivi iko kwenye friji yako. Kwa bei hutaokoa cha maana. Utakachopata ni bia mbichi, na ubichi huo utaupata tu ikiwa rafiki alinunua bia isiyokuwa imelala dukani. Kwa hiyo mwelekeze asome nyuma ya chupa, pale palipoandikwa „minimální trvanlivost do“, yaani tarehe ambayo kiwanda kinaahidi ubora hadi hapo. Kwa bia za kawaida achague yenye tarehe ya mbali kuliko zote rafuni. Na anunue siku ya mwisho, kwenye duka lenye friji. Praha ina maduka madogo yanayouza bia peke yake, yaitwayo pivotéka, na wauzaji wake hupenda kuulizwa.

Sasa majina. Pilsner Urquell naiweka ya kwanza, na sababu yangu ni ya historia zaidi kuliko ya umaarufu. Mwaka 1838 watu wa Plzeň, mji wa magharibi mwa Bohemia katika Ucheki ya leo, walimwaga mapipa 36 ya bia mbele ya ukumbi wa mji kwa kuwa haikufaa kunywewa. Raia wa mji huo walikuwa na haki ya kutengeneza bia tangu mfalme Václav wa Pili alipouanzisha mwaka 1295, na kila mwenye haki alikuwa akijipikia kwa zamu. Baada ya aibu ile wakaamua kujenga kiwanda kimoja cha pamoja. Wakamleta mpikaji kutoka Bavaria, Josef Groll, aliyekuwa na umri wa miaka 29 alipopika mpiko wa kwanza tarehe 5 Oktoba 1842.

Groll alikuwa na bahati ya mahali. Maji ya Plzeň ni laini, karibu hayana madini. Hopsi zilitoka Žatec, wilaya ambayo mwaka 2023 mashamba na maghala yake ya hopsi yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kimea kilikaushwa kwa mtindo wa Kiingereza, kwa joto lisilochanganyika na moshi, hivyo hakikuungua na rangi yake ikabaki nyepesi. Na hamira ilikuwa ya Kibavaria, ile inayofanya kazi polepole kwenye baridi kisha ikatuama chini ya pipa. Kilichomiminwa mwezi Novemba mwaka ule kilikuwa cha rangi ya dhahabu na kinang'aa, wakati bia ambazo watu wa eneo lile walizizoea zilikuwa za kahawia na zenye ukungu. Miongo iliyofuata reli ikaibeba bia hiyo hadi miji mikubwa ya Ulaya, na viwanda vya nchi nyingine vikaanza kuiga.

Wanywaji wa Afrika Mashariki tumo ndani ya historia hiyo hata kama hatujawahi kuambiwa. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Tusker, Nile Special, Primus ya Kongo, Rwanda na Burundi, zote ni za ukoo huo wa bia nyepesi za dhahabu zinazochachushwa kwenye baridi. Kenya kuna bia iitwayo Pilsner tangu zamani, na jina hilo ni la mji huu huu wa Plzeň. Kuna hata kipindi ambacho kiwanda cha Plzeň na kampuni ya bia ya Tanzania, TBL, vilikuwa na mmiliki mmoja: kampuni ya Afrika Kusini ya SAB iliingia TBL mwaka 1993, ikanunua Plzeň mwaka 1999. Vilitengana baada ya SAB, wakati huo ikiitwa SABMiller, kumezwa na kampuni ya AB InBev mwaka 2016, kwa kuwa Plzeň iliuzwa kwa Asahi ya Japani mwaka 2017. Miaka yote ile ya mmiliki mmoja, ni wanywaji wachache wa huku walioionja bia ya mji ule. Nadhani hiyo ni hasara, na makopo manne begini yanaweza kuanza kuifidia.

Onja ya Plzeň kando ya bia yako ya kila siku, zote zikiwa na ubaridi sawa, na tofauti utaisikia. Bia nyingi za viwandani duniani, zikiwemo nyingi za kwetu, huchanganya kimea cha shayiri na mahindi au sukari ili ziwe nyepesi kinywani. Ya Plzeň ni kimea kitupu. Tena sehemu ya uji wa kimea huchotwa, ikachemshwa kwenye sufuria ya shaba na kurudishwa kwenye uji uliobaki, na kazi hiyo hurudiwa mara tatu. Matokeo yake ni utamu wa ganda la mkate unaokutana na uchungu mkali wa hopsi, uchungu unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Kilevi chake ni asilimia 4.4 tu, kwa kuwa si sukari yote ya kimea inayoachwa ichachuke. Wapo watakaoishangaa kwa uchungu wake wanapoonja mara ya kwanza. Wavumilie hadi nusu ya glasi. Na agizo liwe la makopo, kwa sababu ya mwanga niliousema na kwa sababu ya uzito: kopo la nusu lita halizidi sana nusu kilo, karibu nusu ya uzito wa chupa.

Kabla ya kuendelea, niseme kuhusu bia zinazopaswa kubaki huko, maana hapa ndipo maagizo mengi yanapokosea. Bia bora kabisa za Ucheki haziingii chupani. Baa nyingi za Praha na Plzeň zina matangi makubwa yanayojazwa bia isiyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, ikanywewa ndani ya siku chache. Viwanda vidogo vya vijijini hutoa bia isiyochujwa, yenye hamira bado ndani, na humjazia mteja chupa ya plastiki moja kwa moja kutoka bombani. Wenyeji huipeleka nyumbani wakainywa jioni ile ile. Msafiri akiifunga kwenye begi, itakayofika ni bia iliyochoka, na mtu wa kwanza kuionja atadhani ndivyo Wacheki wanavyopenda. Vivyo hivyo bia nyepesi za nyuzi kumi (nyuzi hizo nitazieleza mbele), ambazo Wacheki hunywa mchana baada ya kazi. Uzuri wake wote ni upya wake. Ukiona kwenye chupa neno „nefiltrované“ au „nepasterizované“, kumbuka muda wake ni mfupi, na kama rafiki hawezi kukuhakikishia ubaridi tangu dukani hadi kwako, iache.

Hizo azinywe mwenyewe, kwa niaba yetu. Mwambie aende U Fleků, baa ya Praha inayopika bia tangu mwaka 1499 na kumhudumia kila mgeni bia nyeusi ya hapo hapo. Akipata nafasi ya kusimama U Zlatého tygra, aingie: huko ndiko mwandishi Bohumil Hrabal alikokuwa na kiti chake, na huko ndiko Rais Václav Havel alikompeleka Bill Clinton mwezi Januari 1994. Havel alichagua baa hiyo akijua anachokifanya. Mwaka 1974, utawala wa kikomunisti ulipokuwa umezipiga marufuku kazi zake, alifanya kibarua kwenye kiwanda cha bia cha Trutnov akiviringisha mapipa, na tamthilia yake ya „Audience“ inafanyika ndani ya ofisi ya kiwanda cha bia. Bia nchini humo imo kwenye fasihi, kwenye siasa na kwenye mazungumzo ya wazee. Mcheki mmoja, kwa wastani, hunywa zaidi ya lita 120 kwa mwaka, na nchi hiyo imeongoza dunia kwa miaka mingi mfululizo.

Tukirudi kwenye begi, rafiki atakutana na namba kwenye chupa: 10, 11, 12, 13. Hizo ni nyuzi, si asilimia za kilevi. Zinaonyesha kiasi cha vitu vilivyotoka kwenye kimea na kuyeyuka kabla hamira haijawekwa, hasa sukari. Nyuzi 10 huishia karibu asilimia 4 ya kilevi, nyuzi 12 karibu 5. Kwa safari ya kuja kwetu, nashauri nyuzi 12 kwenda juu, kwa sababu bia yenye kimea kingi ina mwili wa kustahimili safari na joto kidogo, na bado ikabaki na la kusema.

Budvar ya České Budějovice ni mojawapo. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1895 na hadi leo ni mali ya serikali ya Ucheki, jambo la nadra kwenye biashara hii. Bia yake kuu hulazwa kwenye baridi kwa siku 90 kabla ya kutoka, na ni laini kuliko ya Plzeň, yenye uchungu unaokuja taratibu. Kwa zaidi ya karne moja imekuwa ikigombea jina la Budweiser na kampuni ya Marekani, hata ikalazimika kuuzwa Marekani kwa jina la Czechvar. Budweiser ya Kimarekani tunaiona kwenye baa zetu. Ya Ucheki hatuioni, na kwa hilo pekee inastahili nafasi. Lakini kama nafasi ni ya bia chache, mimi ningeichukua Budvar nyeusi badala ya ile ya dhahabu, kwa kuwa ya dhahabu tayari tunayo ya Plzeň.

Bia nyeusi ya Kicheki ni kitu ambacho huku hatuna kabisa. Tukisema bia nyeusi tunafikiria Guinness, yenye uchungu wa kuungua na kilevi kikali kwa ile ya kwetu. Nyeusi ya Wacheki huchachushwa kwenye baridi sawa na ile ya dhahabu, kwa hiyo ni laini, ina harufu ya mkate uliokolea moto na kahawa nyepesi, na humalizika bila kuacha ukali kooni. Kwenye chupa tafuta „tmavý ležák“. Bernard wa Humpolec wana nzuri, na wana chupa ya kizibo cha kubofya inayopendeza kubaki nayo. Kozel nyeusi, yenye mbuzi, ni tamu na ya kirafiki, lakini ina kilevi cha asilimia 3.8 na mwili mwepesi. Nisingeitolea kilo ya begi la mtu.

Kati ya dhahabu na nyeusi kuna rangi ya tatu ambayo naipenda kuliko zote, „polotmavý“, nusu nyeusi, rangi ya asali ya nyuki wadogo. Humo ndani kuna sukari iliyoungua kidogo na uchungu wa kutosha kuizuia isichoshe. Ni bia ya kula nayo nyama choma. Hata mishkaki yenye pilipili haiizidi nguvu. Primátor wa Náchod hutengeneza ya nyuzi 13. Kiwanda cha Strakonice, ambacho ni mali ya mji wenyewe, kina ya kwake iitwayo Klostermann. Hakuna mfanyabiashara atakayeziingiza huku hivi karibuni, maana jina halijulikani na soko lake ni dogo. Hii ndiyo kazi hasa ya begi la rafiki.

La mwisho ni bia ya aina ya porta, kutoka mji wa Pardubice. Ina nyuzi 19 na kilevi asilimia 8, nyeusi tii, nzito, yenye ladha ya matunda yaliyokaushwa na sukari guru. Hii peke yake katika orodha yangu haiogopi muda. Kilevi kingi na kimea kingi vinailinda, na baadhi ya wapenzi huilaza makusudi. Chupa moja inatosha watu wanne.

Kuhusu kubeba, machache. Chupa na makopo hayaingii kwenye begi la mkononi kwa kuwa vimiminika vya zaidi ya mililita 100 bado huzuiwa kwenye ukaguzi wa viwanja vingi vya ndege. Kila chupa iviringishwe kwenye fulana, iingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ikae katikati ya nguo mbali na kingo za begi. Azijue mapema kanuni za forodha za nchi anakorudi, na akiulizwa aseme alichobeba. Na jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko yote haya: usimwagize bia mtu ambaye dini yake au msimamo wake haumruhusu kuigusa. Pwani na visiwani tunaishi pamoja, tunaheshimiana, na mtu mpole anaweza kukubali kwa aibu tu huku moyo wake ukimsuta safari nzima. Kama hujui msimamo wake, usimwombe.

Bia ikishafika, ipe usiku mmoja kwenye friji, imesimama. Kisha inywe. Tuna desturi ya kuweka chupa za ugenini kwenye kabati la vyombo sebuleni, zionwe na wageni, zikisubiri Krismasi au harusi. Konyagi na wiski huvumilia kabati. Bia ya dhahabu iliyokaa miezi sita kwenye joto la sebule imekwisha, hata kama kizibo hakijaguswa. Wahudumu wetu huuliza moto au baridi, na jibu la Plzeň liko katikati: nyuzi joto 7 hivi, baridi ya kuburudisha lakini isiyoutia ulimi ganzi. Mimina kwa nguvu kiasi, povu lipande vidole viwili au vitatu. Wacheki hulipenda povu zito kwa kuwa huifunika bia isikutane na hewa na hushika harufu ya hopsi, na mhudumu wa kwao akikuletea glasi isiyo na povu, utamsikia jirani yako wa meza akilalamika kabla yako.

Kwa hiyo rafiki akiniuliza nataka nini, ujumbe wangu utakuwa huu: „Ndugu yangu, safari njema. Ukipata nafasi, makopo manne ya Pilsner Urquell yenye tarehe ya mbali, mawili ya Budvar nyeusi, chupa mbili za polotmavý ya kiwanda chochote ambacho muuzaji atakusifia, na porta moja ya Pardubice. Ni kilo sita hivi. Begi likijaa, anza kuyapunguza makopo ya Pilsner, kisha ya Budvar. Polotmavý usiiache. Fedha nakutumia leo kwenye simu.“